Msituambie tumtoe mbwa na kuuza gitaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumzie neno ambalo mimi na mume wangu tumeambiwa mara nyingi kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, na ambalo nina hakika linasemwa pia katika nyumba nyingine ambamo mmoja wa wanandoa amepoteza ajira. Neno lenyewe ni kwamba mtu asiye na kazi hana sababu ya kufuga mbwa wala paka, na kwamba akionekana jioni ameshika gitaa, basi ameshaizoea hali yake na kazi haitafuti kwa dhati. Wanaolisema ni watu wanaotutakia mema, na wengi wao hulisema kwa upole. Hata hivyo si neno la kweli, na lilikaribia kutuumiza kuliko ukosefu wa kazi wenyewe.

Mimi na mume wangu tumeoana kwa miaka 11. Mimi nimeajiriwa. Yeye alikuwa mtunza ghala wa kampuni moja kwa miaka 9, mpaka kampuni hiyo ilipopunguza wafanyakazi miezi 14 iliyopita. Nyumbani tunaishi na mbwa jike wa miaka 6 anayeitwa Doria, na paka mzee mweupe tunayemwita Pamba. Tuna gitaa pia, ambalo mume wangu amekuwa akilipiga tangu kabla hatujajuana; mimi huimba, na tulikutana katika kikundi cha uimbaji, yeye akipiga rizimu na mimi nikishika sauti ya pili.

Ili msomaji aelewe ninachokitetea, inafaa nieleze siku yetu ilivyo. Mume wangu huamka saa 11 alfajiri, kwa sababu Doria humwamsha. Humtembeza kwa muda wa dakika 45 hivi, hurudi, huoga, huvaa shati lililopigwa pasi ingawa hakuna ofisi inayomngoja, na ikifika saa 2 huwa ameketi mezani mbele ya kompyuta akipitia matangazo ya kazi. Ana daftari alilolipigia mistari mwenyewe, lenye safu ya tarehe, safu ya kazi aliyoomba, safu ya mtu wa kuwasiliana naye, na safu ya majibu. Mpaka wiki iliyopita alikuwa ameandika maombi 63, na safu ya majibu ilikuwa na maandishi katika mistari 17 tu. Huandika barua moja moja, hanakili ileile kwa kila mwajiri, na mara nyingi nimemkuta saa 8 mchana bado anaitafutia sentensi ya kwanza ya barua mahali pake, huku Pamba amelala juu ya bahasha yenye nakala za vyeti. Jioni Doria hutembezwa tena. Baada ya chakula cha usiku tunapiga muziki kwa nusu saa, wakati mwingine zaidi. Huyo ndiye mtu anayeambiwa hatafuti kazi.

Shirika la Kazi Duniani, linapohesabu watu wasio na ajira, humweka katika hesabu hiyo mtu ambaye hana kazi, yuko tayari kuianza, na anafanya jitihada ya kuitafuta. Aliyechoka kutafuta huondoka katika hesabu, ingawa dhiki yake imebaki palepale. Kwa hiyo kutafuta ni shughuli inayotambuliwa, yenye saa zake na uchovu wake, na swali ambalo ndugu zetu wangetuuliza ni hili: ni nini kinachomwezesha mtu kuifanya shughuli hiyo leo, kesho na mwezi ujao, bila mshahara na mara nyingi bila hata jibu?

Nilikuwa sijajiuliza swali hilo mpaka nilipofanya kosa ninalotaka kulieleza. Katika mwezi wa sita wa utafutaji wake, mume wangu aliitwa kwenye usaili kwa njia ya video, akiwa nyumbani. Jopo lilikuwa la watu watatu. Alikuwa amejiandaa kwa siku nne, na nilikuwa nimempangia maswali na kumsikiliza akijibu. Wakati anaeleza jinsi alivyowahi kuhesabu upya mali yote ya ghala baada ya kumbukumbu kupotea, mtu aligonga geti, na Doria akaanza kubweka. Alibweka kwa dakika mbili zilizoonekana kuwa saa nzima. Mume wangu aliomba radhi, akasubiri, akaendelea, lakini uzi wa maelezo ulikuwa umekatika, na nilipochungulia kutoka mlangoni niliona shingo yake imelowa jasho. Kazi ile hakuipata. Sijui kama ni kwa sababu ya mbwa, maana hakuna aliyetueleza sababu, lakini siku hiyo nilikuwa na hasira na nilihitaji wa kumlaumu. Nikakumbuka maneno ya kaka yangu mkubwa, aliyemwambia mume wangu mbele yangu, "Shemeji, mtu anayetafuta kazi hana muda wa kutembeza mbwa." Nikampigia simu kaka, na kesho yake Doria akachukuliwa kwenda kukaa kwake.

Alikaa huko siku 9. Siku ya kwanza na ya pili mume wangu aliamka saa 11 kama kawaida, akaenda mlangoni, akakuta kamba imening'inia kwenye msumari wake, akarudi kitandani. Siku ya tatu aliamka saa 1. Siku ya tano nilimwacha amelala nilipokwenda kazini, na niliporudi nilimkuta amevaa nguo zilezile za kulalia, kompyuta imefunguliwa katika ukurasa uleule wa juzi. Hakuwa mgonjwa, wala hakulalamika. Alisema tu kwamba hakuona haraka ilikuwa ya nini. Gitaa halikuguswa. Tukaanza kujibizana juu ya mambo madogo, mlango ulioachwa wazi, kikombe ambacho hakikuoshwa, na usiku wa siku ya nane tulilala bila kuagana, jambo ambalo katika miaka yetu 11 linahesabika kwa vidole. Siku ya tisa nilikwenda mwenyewe kumchukua Doria. Kaka hakunielewa, na sikuwa na maneno ya kumweleza.

Maneno niliyapata baadaye, niliposoma habari za kijiji cha Marienthal nchini Austria. Huko kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiajiri karibu kijiji kizima kilifungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kundi la watafiti, wakiwamo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, lilikwenda kuchunguza maisha ya watu waliobaki bila kazi. Walitazama hata mwendo wa watu barabarani. Waliona kwamba wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara, kwa kuwa hapakuwa na mahali palipowangoja, ilhali wanawake, ambao shughuli za nyumba hazikuwa zimewaacha, walitembea kwa haraka zaidi. Maktaba ya kijiji iliazimisha vitabu vichache kuliko zamani, ingawa watu sasa walikuwa na saa nyingi za kusoma. Niliposoma hayo nilimwona mume wangu wa zile siku 9. Muda ulikuwa mwingi, lakini ulikuwa umepoteza umbo, na kitu kilichokuwa kikiupa umbo kila alfajiri ni mnyama asiyejua kama leo kuna kazi au hakuna, anayejua tu kwamba saa ya kutoka imefika.

Na kule kutoka kwenyewe kuna faida ambayo sikuitarajia. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi kabla ya kuipata habari ile. Asilimia 16.7 walisema mara nyingi, asilimia 55.6 walisema mara moja moja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra. Maelezo yake ni kwamba rafiki wa karibu huzunguka mlemle unamozunguka, kwa hiyo analolijua yeye aghalabu umeshalisikia. Mtu wa kusalimiana naye tu ndiye anayetoka upande usioufahamu. Mume wangu, alipokuwa kazini, alikuwa na watu wengi wa namna hiyo, madereva, mawakala, wateja, na wote walipotea siku alipokabidhi funguo za ghala. Anaokutana nao sasa ni watu wa alfajiri. Yupo mzee anayetembea kwa ushauri wa daktari, yupo kijana mwenye mbwa wawili, na yupo mama mmoja anayefungua ofisi mapema, ambaye Doria alimzoea kabla mume wangu hajalijua jina lake. Mama huyo ndiye aliyemwambia, baada ya miezi ya salamu tupu, kwamba mahali fulani wanatafuta mtu anayejua kumbukumbu za ghala. Tangazo lilikuwa halijatoka. Kazi ilikuwa ya muda, ya wiki 6, nayo aliipata, na barua ya uthibitisho aliyopewa mwishoni ndiyo inayotangulia sasa katika bahasha yake ya vyeti.

Sisemi kwamba wanyama hawana gharama. Wanazo, na mshahara ni mmoja. Tumepunguza vya kwetu kabla ya kupunguza vya kwao, tumeacha kununua vitu vya mbwa visivyo vya lazima, na tumekubaliana kwamba Pamba na Doria wakiondoka kwa umri hatutachukua wengine mpaka hali ibadilike. Kitu kimoja ambacho hatukukigusa ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na naomba yeyote aliye katika hali kama yetu asiiguse. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu kila mara hufa. Asiyeweza kabisa kumchanja na kumlisha mnyama, huyo namwelewa akimtafutia makao mengine, na sina neno la kumlaumu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kumtunza ni uvivu.

Sasa niseme habari ya gitaa, ambayo inaniuma zaidi kwa kuwa ilikaribia kutokea. Miezi mitano iliyopita mume wangu alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa ajira. Alikuwa na majibu ya kila swali. Alisema nafasi ipo, mwajiri ameridhika na wasifu wake, na kilichobaki ni ada ya usajili pamoja na ada ya kushughulikia mkataba, zilipwe kabla ya Ijumaa. Hatukuwa na fedha hiyo. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaingia chumbani, akatoka na gitaa ndani ya mfuko wake, akaliegemeza karibu na mlango. Mnunuzi alikuja jioni ileile. Alilitoa, akalipitishia vidole, akasema ni zuri, akaanza kuzungumza bei. Doria alikuwa amelala kizingitini, na mnunuzi ilimbidi amruke ili aingie. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni nikisikiliza nyuzi zikiguswa na mkono nisioujua, na nikatoka nikasema kwamba haliuzwi leo, mpaka tumeuliza kwanza.

Tuliuliza, na tulichokipata nataka wasomaji wote wakijue. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada wala gharama yoyote, si moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka, iwe yote au sehemu yake. Misamaha ipo, lakini ni ile inayoruhusiwa na mamlaka za nchi baada ya kushauriana na waajiri na wafanyakazi. Nchi nyingine zimeuridhia mkataba huo na nyingine bado, kwa hiyo kila mmoja aangalie sheria ya kwao. Lakini msingi wake unaeleweka popote, kwamba anayehitaji mfanyakazi ndiye anayelipia kutafutiwa. Mume wangu alipompigia yule wakala na kumwomba barua yenye jina la mwajiri kabla ya kulipa chochote, simu ilikatwa, na haikupokelewa tena. Kama tungefuata ushauri wa kuuza gitaa mapema, fedha ingekuwepo mkononi siku ile, na ingekwenda.

Muziki umetusaidia pia kwa namna nyepesi zaidi. Baada ya ule usaili ulioharibika tulitafuta njia ya kumtuliza Doria, na tukasoma kwamba watafiti wa Ireland ya Kaskazini walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuwapigia muziki mbwa waliokuwa katika makao ya mbwa wasio na wenyewe. Muziki wa kilasiki uliwafanya wapumzike zaidi, na ule mzito wa magitaa ya umeme uliwafanya wabweke zaidi. Watafiti wa Scotland waliolifuatilia jambo hilo baadaye waliona kwamba mbwa huuzoea muziki uleule baada ya siku chache, na kwamba kubadilisha aina kunafaa. Sasa mume wangu anapokuwa na usaili wa video, Doria hutembezwa kwa muda mrefu kabla, kisha hufungiwa chumba cha nyuma na redio yenye sauti ndogo, nami hubandika karatasi getini kuomba watu wasigonge. Usaili uliofuata, na mwingine baada yake, ulikwisha bila kubweka hata mara moja.

Pamba tumemweka mbali na gitaa wakati linapolinganishwa sauti. Paka husikia sauti za juu kuliko sisi. Sikio la binadamu hufika mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na la paka hupita 60,000, kwa hiyo uzi mwembamba unapokazwa yeye hulaza masikio nyuma na kuondoka. Wimbo ukianza hurudi. Huja kulala ubavuni mwa mume wangu, kifua kikivuma, na uvumi huo huanzia mitetemo kama 25 kwa sekunde, chini kabisa ya uzi mnene wa gitaa, ambao ukikazwa inavyotakiwa hutetemeka mara 82. Nikiwa nimekaa karibu nao nausikia kama sauti ya nne, ya besi, katika nyumba yenye sauti tatu.

Wiki tatu zilizopita lilikuja jibu la maombi aliyoyawekea matumaini makubwa, mstari mmoja tu wa kumshukuru na kumtakia kila la heri. Alilisoma akiwa amesimama. Hakusema kitu, alikwenda kuliandika kwenye daftari, katika safu yake, kwa mwandiko uleule wa siku zote. Baada ya chakula alichukua gitaa, lakini hakupiga wimbo. Alikaza uzi wa pili, akaulegeza, akaukaza tena, zaidi ya inavyohitajika. Doria alikuja akaweka kidevu juu ya mguu wake. Nilianza kuimba peke yangu, wimbo tuliokuwa tumeushindwa wiki nzima kwa sababu yeye huwahi kubadilisha mahali pa kati, na alipofika hapo alisubiri, na kwa mara ya kwanza tukapita pamoja. Tuliurudia mara tatu. Baadaye kitandani ndipo aliponiambia jinsi jibu lile lilivyomkata, nasi tukazungumza mpaka usiku wa manane. Sidhani kama angelisema bila ule wimbo, na sidhani kama ningejua namna ya kumwuliza.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwa gazeti lako: pale mnapochapisha matangazo ya kazi, wekeni kila mara onyo fupi kwamba mwombaji asilipe ada kwa wakala yeyote kabla ya kuona barua ya mwajiri na kujua sheria inasemaje, maana wapo watu ambao wiki hii wanafunga virago vya vitu walivyovipenda ili wakalipe. La pili ni kwa ndugu na majirani wa mtu yeyote anayetafuta kazi. Mkimkuta na mbwa wake njiani, muulizeni ni kazi gani anayoitafuta, muichukue namba yake, na mkisikia nafasi mpigieni, hata kama mnadhani ameshaisikia.

Mume wangu ana usaili mwingine Jumanne saa 4 asubuhi, wa ana kwa ana, kwa kazi ya kudumu. Shati limeshapigwa pasi. Siku hiyo mimi nimeomba ruhusa ya nusu siku ili nimtembeze Doria alfajiri mwenyewe, yeye apate kusoma maelezo yake kwa utulivu, lakini amekataa. Amesema atakwenda naye kama kila siku.

Wako katika ujenzi wa jamii,

Msomaji wako
(jina na anuani vimehifadhiwa)